Uzi wa fizi: niliambiwa milimita nane, na meno bado ninayo

#1 Gego la Mwisho

Wakuu, habari za saa hizi. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, ila nimechoka kuona mtu akiuliza dawa ya fizi kutoka damu, anajibiwa asukutue maji ya chumvi, mada inaishia hapo. Maji ya chumvi mimi niliyasukutua miaka sita. Kaeni niwape mkasa.

Damu ilianza nikiwa na miaka 33 hivi. Napiga mswaki, natema, povu limekuwa jekundu. Nikalaumu mswaki, nikanunua laini. Damu haikukoma, basi nikaanza kuzikwepa sehemu zinazotoka damu. Najua wengi mnaosoma hapa mnafanya hivyohivyo, mkifika kwenye magego ya nyuma mnapitisha mswaki kama mtu anayempapasa paka asiyemzoea. Kosa hilo. Panapotoka damu ndipo penye uchafu.

Ikafuata harufu. Hakuna aliyeniambia, mwenzangu alianza tu kulala ameelekea ukutani. Halafu meno mawili ya mbele juu yakaachana. Kuna mtu alinisifia eti mwanya umenipendeza, na mimi mwanya sikuzaliwa nao! Maumivu? Hata siku moja. Jino lililotoboka litakuamsha usiku, lakini fizi zinaliwa kimyakimya na wewe unacheka na watu.

Daktari wa kwanza alinitazama dakika tano, akaniandikia dawa ya kusukutua, nikaondoka. Wa pili, miaka miwili baadaye, alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, anasoma, anataja namba, msaidizi anaandika. Kila jino linapimwa sehemu sita, tatu upande wa nje na tatu upande wa ndani. "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne. Tano, sita, nane." Pale kwenye nane msaidizi aliinua macho akanitazama. Mimi mdomo uko wazi, siwezi hata kuuliza nane ya nini.

Baadaye nikaelezwa. Ufizi wenye afya una kijifuko kidogo kuzunguka jino, kina chake milimita 1 hadi 3. Kikifika 4 kwenda juu na damu inatoka ukikigusa, kuna tatizo. Sita na kuendelea mswaki wako haufiki kabisa chini huko, hata upige mara kumi kwa siku. Kwenye picha ya eksirei nikaonyeshwa mfupa wa taya: ulipaswa kuishikilia mizizi ya meno karibu hadi shingoni, wangu umeshuka hadi katikati ya mizizi, kama ukingo wa mto ulioliwa na maji miti ikabaki inaning'inia. Hatua ya tatu kati ya nne. Na nilikuwa navuta pakiti moja kwa siku, kwa hiyo daraja likawa C, maana yake ugonjwa unaenda mbio.

Nikauliza mfupa utarudi lini. Daktari akasema: "Uliokwenda umekwenda. Tunaupigania uliobaki."

Ni miaka mitatu sasa. Nimekwanguliwa chini ya fizi mara nne kwa ganzi, robo ya mdomo kwa kila safari. Nimepasuliwa sehemu moja. Nimeacha sigara. Nimepoteza gego moja tu, lile la mwisho kushoto, ndiyo maana ya jina langu humu. Yaliyobaki yote yametulia. Ulizeni.

#2 Mama Pacha

Asante kwa uzi, kaka. Mimi fizi zilivimba nikiwa mjamzito, zikawa zinatoka damu hata nikitafuna kitu laini. Nilipojifungua zikapoa zenyewe baada ya miezi michache. Huo ndio ugonjwa wako au ni mwingine?

#3 Tabibu Kinywa

Nimevutiwa na uzi huu, na kazi yangu ni hiyohiyo ya kinywa na meno, kwa hiyo niruhusuni.

Dada Mama Pacha, kuna vitu viwili hapa na watu huvichanganya. Cha kwanza ni fizi kuvimba tu. Ukoga, ule utando laini unaonata kwenye meno, umejaa bakteria. Ukiachwa, fizi zinavimba na kutoka damu. Homoni za ujauzito zinafanya fizi ziwe kali zaidi kwa ukoga uleule. Hili linarudi nyuma lote. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha utafiti ambao watu wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na walipoanza kusafisha tena fizi zikapona kwa takriban wiki moja.

Cha pili ndicho cha mleta uzi. Uvimbe umekaa muda mrefu, nyuzi zinazolishikilia jino zimekatika, mfupa umeyeyuka. Hiki hakirudi nyuma, kinasimamishwa. Na mfupa hauliwi na bakteria moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Ni jeshi la mwili wako mwenyewe: linapigana na bakteria wasiotoka, vita havikomi, na kemikali za vita hivyo ndizo zinazoamuru mfupa uyeyuke. Mfupa unakimbia moto.

Usidhani ni ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2022 lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wana ule ulio mkali, yaani kama asilimia 19 ya watu wazima.

#4 Bishano

Naheshimu elimu zenu lakini mimi nina ushahidi wa macho. Baba yangu mdogo alikuwa na meno yake yote, yamekazana. Akashawishiwa akasafishwe. Wiki mbili hazijaisha meno yanacheza, yana nafasi katikati, anasikia ganzi ya baridi akinywa maji. Mwaka haukuisha akang'olewa matatu. Kwangu mimi usafi huo ndio ulioyalegeza. Afadhali uchafu wangu.

#5 Kijana wa Zamani

Bishano kasema kweli tupu, hata kwetu yupo aliyelegezwa.

#6 Gego la Mwisho

Hii hoja nilijua itakuja, na sikucheki, maana mimi mwenyewe niliikimbia kliniki miezi minne kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ya kwanza baada ya kukwanguliwa nilisimama mbele ya kioo nikataka kulia. Meno yamekuwa marefu kama ya farasi. Katikati ya meno ya chini kuna vijinafasi vitatu vyeusi vya pembetatu ambavyo ulimi haukuacha kuvichokoza. Maji ya baridi yananipiga hadi sikioni. Nikasema nimeharibiwa.

Tabibu, waeleze wewe vizuri, mimi nitachapia.

#7 Tabibu Kinywa

Bishano, ulichokiona kwa baba yako mdogo ni kweli. Maelezo yake ndiyo yamegeuzwa.

Ukoga usipoondolewa hunyonya madini ya mate na kugeuka jiwe. Huo ndio ugaga. Kwenye meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, ugaga unaweza kujenga ukuta mmoja uliounganisha meno manne au sita. Nyuma ya ukuta huo mfupa umekwenda siku nyingi. Meno hayakukazana kwa sababu yana afya, yalikuwa yameshikana kwa saruji. Ukiondoa saruji unauona ukweli uliokuwa umefunikwa. Zile nafasi nazo zilikuwepo, zimezibwa na ugaga na ufizi uliovimba. Uvimbe ukishuka, ufizi unakaa pale mfupa ulipo, na mzizi unabaki nje. Mzizi hauna ile ngozi ngumu ya nje ya jino, kwa hiyo baridi inapenya. Hali hiyo kwa wengi hupungua baada ya wiki kadhaa, na dawa ya meno ya kuzuia ganzi ya baridi husaidia.

Meno kucheza kidogo mara tu baada ya kazi ni kawaida, fizi zina kidonda. Kwa wengi hukaza kiasi wiki zinazofuata, uvimbe ukishaisha. Yanayocheza sana yanaweza kufungwa pamoja na mengine kwa waya mwembamba upande wa ndani.

Ila nitakupa haki yako sehemu moja: mtu kama baba yako mdogo alipaswa kuambiwa haya yote kabla ya kufungua mdomo. Na alipaswa kupimwa, apewe mpango, arudi kuangaliwa baada ya miezi miwili mitatu. Kumkwangua mgonjwa mara moja na kumwaga kwaheri si tiba ya ugonjwa huu.

#8 Bishano

Sawa, saruji nimeielewa. Lakini nijibu na hili. Kaka yangu mswaki anaukumbuka siku ya sherehe. Ana miaka 58, anafungua chupa kwa meno. Mimi napiga mara mbili kwa siku na natoka damu. Haki iko wapi?

#9 Tabibu Kinywa

Haipo.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1986, Löe huyohuyo na wenzake, kuhusu wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka waliofuatiliwa kwa miaka. Hawakuwa wakisafisha meno kwa mswaki wala hawakuwa na huduma ya meno. Wote walikuwa na ukoga tele na ugaga. Lakini asilimia 8 hivi ugonjwa ulikwenda kwa kasi mno, asilimia 81 ulikwenda kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 haukuvuka zaidi ya fizi kuvimba. Uchafu uleule, hatima tatu. Urithi una mkono hapo. Kaka yako huenda yuko kwenye wale 11. Wewe unayetoka damu hujui uko kundi gani mpaka upimwe.

Chupa amwambie aache, ataivunja ncha ya jino siku moja.

#10 Nusu Sukari

Mimi nina kisukari mwaka wa tisa. Nimeng'oa meno matano kwa kulegea. Daktari wa sukari hajawahi kuniuliza habari za mdomo, na wa meno hajawahi kuniuliza sukari yangu ikoje. Je, vinahusiana?

#11 Tabibu Kinywa

Vinahusiana sana, na njia ni ya pande mbili. Sukari ikiwa juu, mwili unapigana vibaya na unapona taratibu, fizi zinaliwa haraka. Na fizi zikiwa na uvimbe mkubwa, mwili wote unabaki katika hali ya uvimbe na sukari inakuwa ngumu kushuka. Kutibu fizi kumeonekana kushusha kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Si badala ya dawa zako, ni nyongeza. Kwenye kupanga daraja la ugonjwa, kipimo hicho kikiwa asilimia 7 au zaidi kinakupeleka C, sawa na mtu wa sigara 10 na kuendelea kwa siku.

Na meno matano kwa kulegea, ndugu yangu, hiyo inaitwa hatua ya nne. Usisubiri la sita. Uende na majibu ya sukari mkononi, usisubiri kuulizwa.

#12 Msafiri Mdogo

Kwa nini tusimeze antibayotiki tu tukamaliza kazi? Nilimeza wiki moja, harufu ikaisha kabisa, ikarudi baada ya mwezi.

#13 Gego la Mwisho

Umejijibu mwenyewe hapo mwishoni, mkuu.

Daktari wangu alinieleza kwamba bakteria kwenye ukoga wanaishi ndani ya ute wao, tabaka juu ya tabaka, na dawa haipenyi vizuri. Mpaka uvunjwe kwa chuma au kwa brashi. Antibayotiki zipo kwa baadhi ya wagonjwa, tena pamoja na kukwangua, na anaamua yeye. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini nayo nilipewa wiki mbili tu baada ya upasuaji. Ilinipaka meno rangi ya kahawia na kila nilichokula kikawa na ladha ya sarafu. Tena ikisukutuliwa haishuki kwenye mfuko wa milimita saba. Inaosha juu tu.

#14 Mama Pacha

Kaka, tuambie unachofanya kila siku. Hizo milimita zilishukaje?

#15 Gego la Mwisho

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kliniki nakaa kama saa nne kwa mwaka. Saa zilizobaki ni mimi na kioo. Kila usiku natumia dakika kama kumi, na mswaki ni sehemu ndogo ya hizo dakika.

Silaha kubwa ni vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno, vyenye waya katikati na nywele pembeni, kama brashi ya kusafishia chupa iliyosinyaa. Nilinunua saizi moja nikadhani nimemaliza. Daktari akanicheka, akapima mdomo wangu nafasi kwa nafasi: natumia saizi tatu. Kibrashi kinatakiwa kiingie kwa kubana kidogo, nywele ziguse pande zote mbili, bila kulazimisha waya. Kikipwaya kinapita hewani tu. Uzi wa meno unafaa penye nafasi finyu, lakini mizizi ikishakuwa wazi ina mabonde ambayo uzi unayaruka na nywele zinayaingia.

Usiku wa kwanza nilikiingiza kati ya magego mawili ya juu, nikakitoa, kimeloa damu nyeusi nyeusi na kitu cheupe kama ugali uliochacha... nisamehe anayekula. Nikakinusa. Wakuu, nilielewa kwa nini mwenzangu alilala ameelekea ukutani. Nikaingia kila nafasi, damu kila mahali. Siku ya nne nilitaka kuacha. Siku ya kumi na mbili nilihesabu: zilizotoka damu ni nafasi tano tu. Tangu hapo naitumia damu kama taa ya onyo. Ikitoka mahali palipokuwa pamekauka, nakaa hapo wiki nzima.

Vibrashi kwanza, mswaki baadaye. Mswaki laini, umeinamishwa nyuzi 45 kuelekea kwenye ufizi, unautikisa kidogokidogo meno mawili mawili, bila kusugua kwa nguvu kama unayefua. Kutema natema, ila sisuuzi kwa maji, ili floridi ibaki kwenye mizizi iliyo wazi, maana mizizi hiyo inaoza upesi kuliko jino lenyewe.

Miezi mitatu baada ya kukwanguliwa tukapima. Ile nane ilikuwa tano. Saba nyingi zimekuwa nne. Sehemu moja ilikataa, imebaki sita na damu, mizizi ya gego inapotengana panda pale chini chuma hakifiki vizuri. Hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwa upasuaji mdogo ili isafishwe kwa kuonekana. Nilishonwa, nikavimba siku tatu, basi.

Kuna moja nusura inirudishe nyuma. Nilipoacha sigara fizi zilianza kutoka damu ZAIDI. Nikasema sigara ilikuwa dawa! Kumbe tumbaku huficha damu, mishipa inabanwa. Mvutaji anaweza kuwa na fizi kavu, zimepauka vizuri, na mfupa umeisha.

#16 Kijana wa Zamani

Mimi nimechoka na habari za vibrashi. Si bora ung'oe yote, upandikize ya chuma, ugonjwa uishe?

#17 Tabibu Kinywa

Jino likitoka, mfuko wake unakwisha, hapo uko sahihi. Na yapo meno ambayo kung'oa ndiyo huruma. Lakini jino la kupandikiza nalo linakaa kwenye mfupa uleule, mdomo uleule, na bakteria walewale. Fizi zinazolizunguka huvimba na mfupa wake huliwa pia, na aliyepoteza meno kwa ugonjwa huu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya hilo. Kupandikiza kabla ya kutuliza fizi ni kujenga penye moto. Halafu vibrashi unavyovikimbia vitakungoja hukohuko, jino la chuma linasafishwa nalo.

Niongeze kwa wote: uvimbe wa ghafla kwenye ufizi wenye usaha ni wa kuonwa siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiambatana na homa, uvimbe kushuka shingoni, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, hiyo ni dharura, wahi hospitali.

Na kama unameza nifedipini au amlodipini za presha, au fenitoini ya kifafa, na fizi zinaota kama nyama juu ya meno, mwambie daktari. Usiache dawa mwenyewe.

#18 Bishano

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Msinicheke. Nimeenda kupimwa.

Sehemu kumi na nne zimevuka nne. Moja ni saba. Mfupa umeshuka lakini si kama wa mleta uzi. Naanza kukwanguliwa wiki ijayo, upande wa kulia kwanza. Nimemwambia anipe picha ya eksirei nimwonyeshe baba mdogo.

#19 Gego la Mwisho

Karibu chamani. Hiyo saba iko wapi?

#20 Bishano

Gego la chini kulia, upande wa ulimi.

#21 Gego la Mwisho

Unatumia mkono wa kulia? Mimi pia, na pale ndipo palipokuwa pabaya zaidi kwangu, kiwiko kinagoma, ulimi unausukuma mswaki. Tafuta ile brashi ndogo yenye kishungi kimoja cha nywele, na kila usiku uanzie hapo, kabla mkono haujachoka.